Bibi wa Bara

Kiembe Samaki, Unguja

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia, maana wewe hata upepo ukigonga mlango huitikia.

Habari za mguu? Mdogo wangu Zaituni aliniambia uvimbe umepungua ila uani bado unakwenda kwa kushika ukuta. Vidonge vya presha unameza mwenyewe, au unamgawia yule jirani wa kushoto kila akilalamika kichwa? Usicheke, nakujua. Na michikichi yetu ya kule nyuma, mmeshakata mikungu, au bado mnamngoja fundi wa kupanda?

Mwandiko nimeukuza makusudi, kama ule wa ubaoni mlipokuwa kwenye kisomo cha watu wazima, ili usome mwenyewe bila kumwita mtu. Soma polepole, hata ikichukua siku tatu. Habari hii sikutaka kuisema kwenye simu ya Zaituni. Yeye simu ikilia anaiweka sauti ya juu, na ninapofika kwenye salamu za pili mke wa muuza mkaa ananisaidia kujibu. Barua anakuletea mwalimu anayefundisha pamoja na mwanangu Idrisa, kwao Kasulu, anakwenda likizo na ameahidi kupita Ujiji. Mpe maji ya kunywa na usimhoji, kwa kuwa yaliyomo humu hayajui.

Sisi hapa wazima. Kwamba mkwe wangu Salma amejifungua mtoto wa kiume ulishasikia, na vigelegele vyako tulivisikia wote. Ambayo hukusikia ni yaliyonipata kabla ya hapo. Mama, mwanao nilishikwa na wivu, na wivu huo ukanifanya nikatenda jambo ambalo mpaka sasa nikilikumbuka natamani kukaa peke yangu. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kupata kuniona nikiwa na wivu wa namna hii, ingawa hatukuwahi kulizungumza.

Unakumbuka nilivyoondoka. Idrisa alipiga simu akasema Salma ana mimba ya pili, na mama yake Salma, Bi Shufaa, goti limemsumbua, hawezi tena kumkimbilia Yusra, mtoto wao wa kwanza, kutwa. Akasema, "Mama, njoo unisaidie." Mwanangu mmoja, wa pekee aliyenibakia, ananiita nikamlelee mtoto. Nilifunga mzigo siku ileile. Dagaa uliwachambua wewe mwenyewe. Mawese niliyatia kwenye chupa tatu nikazifunga kwa nailoni. Gauni la kitenge nililomshonea Yusra nililibeba mapajani, kwenye basi na kwenye boti, lisikunjike. Njia nzima nilijiambia kwamba zamu yangu imefika.

Bandarini walinipokea Idrisa na Salma, na Yusra amesimama katikati yao kashika vidole vya baba yake. Hajatimiza miaka minne. Macho yake ni yako, Mama. Nikachuchumaa, nikafungua mikono. Idrisa akamwuliza, "Haya, nani huyu?"

Mtoto akajibu pale pale, kama aliyekariri, "Bibi wa Bara."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikasema moyoni kwamba ni mtoto, atazoea. Lakini kesho yake asubuhi, Salma anajiandaa kwenda kazini hotelini, Yusra yuko mlangoni amevaa viatu. Namwambia njoo, leo unabaki na mimi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa leo hakuna jua. "Mie nnakwenda kwa Bibi," akasema. Kwa Bibi, basi. Yule hakuwa na wa wapi. Mwenye kuongezewa neno nilikuwa mimi.

Akalia mpaka Salma akaona haya. Akaniambia, "Mama, tufanye hivi, twende sote. Akuzoee pale pale." Ndivyo ikawa. Kila asubuhi tunapanda gari hadi Darajani, tunaingia Mji Mkongwe kwa miguu, tunakwepa vespa katika vichochoro ambavyo mpaka leo nikiachwa peke yangu nazungukia msikiti uleule mara mbili. Nyumba ya Bi Shufaa iko ghorofani. Ngazi zake ni za mbao na zimesimama wima kama za kupandia dari, Yusra anazipanda kwa magoti na mikono huku anaita, "Bibi, nshafika!" na kutoka juu sauti inajibu, "Naam, roho yangu!"

Bi Shufaa ni mwembamba, mweupe wa ngozi, amezaliwa nyumba ileile na mama yake kazaliwa humohumo. Anasema kwa upole sana. Na kwangu alikuwa mwema, Mama, siwezi kumsingizia. Ila wema wenyewe ndio uliokuwa ukinichoma. "Karibu, Mama Idrisa, kaa kitako, usijisumbue." Nikichukua ufagio, "La, mgeni wangu, acha." Nikitaka kumwosha mtoto, "Maji yake mie nnayajua." Nikakaa kwenye busati kutwa na mikono yangu mapajani, nikimtazama mtu mwingine akifanya kazi niliyoitiwa kutoka Kigoma. Anamchovyea mkate wa mofa katika mchuzi wa nazi, anampulizia, mtoto anafungua mdomo bila hata kutazama. Ninyi mnaolisha watoto mnajua: mtoto akifungua mdomo bila kutazama, hapo amekuamini kabisa. Mimi nikimpa, anauangalia mkono kwanza.

Dagaa wangu aliwaonja mara moja, akasema, "Mie staki, wananitizama." Bi Shufaa akacheka akaufunika uso kwa ukaya. Nilicheka na mimi. Dagaa wenyewe nilirudi nao nyumbani.

Sasa nikupe habari ya Jumapili moja, maana ilinichochea zaidi. Idrisa anafundisha baiolojia, wajua. Mchana huo tumekaa kula, wanafunzi wake Ijumaa yake walikuwa wamemwuliza swali, na lilikuwa bado linamzunguka kichwani. Akaniambia, "Mama, unajua wanyama wengi, jike akifika mwisho wa kuzaa na maisha yake yamefika ukingoni? Lakini mwanamke wa kibinadamu anaacha kuzaa, kisha anaishi miaka mingine mingi na nguvu zake. Kwa nini?"

Nikasema, "Mungu kapenda."

"Sawa, kapenda. Kwa ajili ya nini?" Mwalimu huyo. Akaweka kijiko chini. "Wapo wataalamu wanaosema ni kwa ajili ya wajukuu. Zamani kabisa, watu walipokuwa wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, mama akizaa mwingine, yule aliyeachishwa ziwa hawezi kujichimbia, na mama mikono yake imejaa kichanga. Bibi ndiye aliyemchimbia. Mtoto mwenye bibi mwenye nguvu alipona, akakua, akarithi na ule uhai mrefu. Wengine wanabisha. Lakini kwa hao wanaosema hivyo, binadamu tusingefika hapa bila mabibi."

Mama, nilikuona wewe. Nilikuona umeinama pale uani unatwanga dagaa wakavu kwenye kinu kidogo, unachekecha unga wake unautia kwenye uji wa Idrisa. Wawili kabla yake tuliwazika, huyu akapona mkononi mwako. Lakini kilichonitoka mdomoni ni kingine. Nikauliza, "Bibi yupi? Mzaa mama au mzaa baba?"

Idrisa akatafuna muda mrefu kuliko chakula chenyewe. "Mara nyingi wanamtaja mzaa mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... wanasema mzaa mama ana hakika. Alimwona binti yake anazaa. Anajua mjukuu ni damu yake."

"Na mzaa baba hana hakika ya nini?"

Salma akasimama akaenda kuchukua maji, na jagi lilikuwa pale pale mezani. Idrisa akasema, "Mama, ni habari ya watu wa zamani hizo, wala hazimhusu mtu hapa." Nikamwambia nimeelewa. Yusra alikuwa anakula kimya, na sikio lake, lile la kushoto lenye kipindo, ni sikio la baba yako mzazi bila shaka yoyote. Mimi nina hakika kuliko wataalamu wote. Ila neno lilikuwa limeshaingia: hata kwenye vitabu, wa kwanza ni yule.

Wiki mbili baadaye Bi Shufaa akapata msiba wa rafiki yake mitaa ya Ng'ambo. Ikabidi aende, aniachie mtoto nyumbani kwake. Akanielekeza kila kitu mara mbili: saa sita mofa, uuchovye vizuri, asilale bila khanga ya rangi ya zambarau, dagaa asipewe ataumwa tumbo. Nikaitika, ndiyo, ndiyo. Alipotoka Yusra akakaa dirishani. Nikampa mofa, akakataa. Nikamwimbia, akaniambia ninyamaze asije akashindwa kusikia ngazi. Kila mlango ukilia chini anasema, "Bibi huyo." Saa nzima. Kisha akaniuliza, "Bibi anakuja lini?"

Nikasema, "Hatakuja. Amechoka."

"Goti ndo limechoka?"

Hapo, Mama, ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Nikasema, "Amekuchoka wewe."

Hakulia. Alishuka dirishani taratibu, akaja akakaa karibu yangu kwenye busati, na mofa wote akaula kutoka mkononi mwangu.

Kesho yake, tulipofika chini ya ngazi, hakupanda. Bi Shufaa anaita kutoka juu, "Yusra, roho yangu!" na mtoto amejificha nyuma ya baibui langu. Salma akashangaa, akambembeleza, akachelewa kazini, mwisho akasema basi rudini Kiembe Samaki leo. Na siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Salma alianza likizo ya uzazi, hakukuwa tena na sababu ya kwenda mjini kila asubuhi.

Nilifurahi. Nikikuficha hilo, barua hii haina maana. Nilipata siku nane za furaha ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe. Nilimpikia ugali kwa dagaa na mawese, akala tonge baada ya tonge. Alilivaa gauni la kitenge. Alinifuata jikoni, uani, mpaka mlango wa choo. Bi Shufaa alileta mofa kwenye hotpoti kwa mkono wa dereva wa teksi, mtoto akaisukuma, na mimi nikamwambia Salma, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, "Watoto ndivyo walivyo, hubadilika." Bi Shufaa alipiga simu kila siku mchana. Nilikuwa namsikia Salma akimjibu, "Sijui Mama, wallahi sijui kapatwa na nini." Nami nakuna nazi.

Lakini nikaanza kuona mambo. Yusra alikuwa mtoto mzuri kupita kiasi. Nguo zake anazikunja mwenyewe. Kikombe akikimwaga anakimbilia kitambaa kabla sijasema neno. Chakula haombi kuongezwa, anakaa na sahani tupu. Akaanza kukojoa kitandani, naye alishaacha zamani. Siku ya tisa namwosha, namwambia inua mkono, kainua, namwambia geuka, kageuka, kisha katikati ya sabuni akaniuliza kwa adabu kabisa, kama anavyouliza mtu saa ya gari:

"Na wewe utanichoka lini?"

Kata ya maji ilinidondoka. Nilimkumbatia na povu lake lote, nikamwambia sitakuchoka, akasema, "Haya," kwa sauti ya kuniridhisha. Hakuniamini. Bibi wa kweli alishamchoka, huyu wa bara ataacha kumchoka kwa nini?

Sikungoja mchana. Nilimwachia Salma mtoto, nikaenda Mji Mkongwe peke yangu, nikapotea, nikauliza njia, nikapanda zile ngazi. Bi Shufaa alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Akataka kuinuka anikaribishe, nikamwambia asiinuke, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Neno lenyewe nikalisema kama nilivyomwambia mtoto, bila kulipunguza.

Aliendelea kuchambua. Akatoa chenga moja, mbili, akaziweka pembeni. Kisha akasema bila kuniangalia, "Siku tisa mie nnajiuliza nimemfanya nini mtoto yule. Nimejikumbuka kila neno nililomwambia. Nikasema labda nlimkaripia nikasahau, ndo uzee umenifika." Akauweka ungo chini. "Ondoka mbele yangu, Mama Idrisa."

Niliondoka. Nilikuwa nimeshuka ngazi nne hivi, nikasikia, "Rudi."

Nikarudi. Alikuwa analia, na kilio kilimwudhi, anajifuta kwa nguvu. "Lile jina," akasema, "la Bibi wa Bara. Nlimfundisha mie. Idrisa aliposema unakuja, kila siku nlikuwa nnamkalisha kitako hapa: atakuja Bibi wa Bara, atakaa kidogo, atakwenda zake kwao. Nlimkaririsha mpaka akalishika. Nlitaka ajue nani wa kukaa na nani wa kupita."

Mama, nilimtazama mwanamke yule mpole na nilitaka kumrukia. Miezi mitatu nimeitwa jina lile na nikalicheka! Nikamwambia, "Ulinifanya mgeni kabla sijafika."

"Nlikuogopa," akasema. "Wewe una magoti mazima."

Kisha akatafuta baibui lake. Ngazi alizishuka kinyumenyume, mkono mmoja ukutani na mwingine begani kwangu, na kila ngazi alikuwa akivuta pumzi kama anayebeba gunia. Sikumbuki kumgusa kabla ya siku ile. Ni mwepesi sana.

Yusra alipomwona mlangoni alirudi nyuma mpaka ukutani. Bi Shufaa hakumfuata. Alikaa kitako pale pale chini, yeye na goti lake. Akasema, "Yusra, mie nimekuchoka?" Mtoto akanitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu. Nikachuchumaa kama siku ile ya bandarini, nikamwambia, "Bibi yako hakusema hivyo. Nilisema uongo mimi. Nilitaka unipende mimi tu."

Akafikiri. Mtoto wa miaka mitatu anafikiri, unaona kabisa kwenye paji la uso. Kisha akaenda kwa Bi Shufaa, pole pole, akaweka kiganja juu ya goti lake, akauliza, "Limepona?" Bi Shufaa akasema bado. Akajilaza pale, uso umezama kifuani mwa bibi yake, akalala usingizi saa nne asubuhi.

Mimi hakunitazama siku mbili. Nikimpa chakula anakipokea na kusema ahsante, basi.

Idrisa nilimwambia mwenyewe. Nilidhani atafoka, nikajiandaa. Alikaa kwenye kiti cha uani, ndege zinapita juu ya kichwa kuelekea kiwanjani, hatukuweza kusikilizana mpaka moja ikatua. Kisha akaniambia jambo ambalo hukuwahi kuniambia, Mama. Akasema, "Wakati wewe uko safarini na biashara zako, Bibi kule Ujiji alikuwa kila jioni ananipeleka mpaka penye njia ya stesheni. Ananisimamisha pale, ananiambia, mama yako atakuja kwa njia hii. Hata siku ambazo treni haiji. Mimi nilichoka kwenda, yeye hakuchoka."

Sikujua. Miaka yote sikujua. Nilichokuwa nikijua ni kwamba nikirudi na biskuti na kaptura mpya, mtoto anajificha nyuma ya khanga yako, na wewe unamvuta mbele, na mimi nachukia jinsi unavyomvuta, maana kuvutwa kwenyewe kunaonyesha ni wako. Nilikuwa nakuonea wivu wewe, mama yangu mzazi, uliyekuwa unaniokolea mtoto. Unakumbuka nilivyomchukua kwa nguvu nikaenda naye Tabora? Nilikwambia nimepata chumba kizuri. Uongo. Nilitaka tu aamke asubuhi bila wewe. Alikaa wiki tatu akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, nikakurudishia mtoto kama kitambaa. Hukuniuliza neno. Uliweka sufuria motoni. Kwa miaka yote nimekuwa nikiudhika na kule kunyamaza kwako, nikidhani ulikuwa unanihukumu. Nisamehe. Nisamehe kwa Tabora, na kwa biskuti, na kwa yote niliyowaza nikiwa nimesimama mlangoni kwako na mizigo.

Mtoto wa Salma alikuja siku kumi baada ya hapo, mchana, salama. Salma yuko kwa mama yake kwa siku arobaini kama ilivyo desturi, na Bi Shufaa ndiye anayemkanda na kumwogesha kichanga. Niliulizwa Yusra akae wapi. Nikamwachia Bi Shufaa aseme. Akasema, "Wawili siwawezi. Huyu mkubwa mchukue wewe. Lakini Ijumaa mlete nimwone."

Basi mkubwa ninaye mimi. Namlisha, namwosha, na Ijumaa namvalisha vizuri nampeleka. Mofa nimefundishwa kuupika, wa kwangu mgumu kidogo, anaula. Na ninampa na dagaa. Tunapokaribia ile nyumba namwambia, "Bibi anakungoja juu," na ananiachia mkono. Hapo pananiuma, Mama, kila Ijumaa. Na nikifika juu nikimwona Bi Shufaa amempakata kichanga wetu, mwanzi wa pua ni wa Idrisa kabisa, anamnusanusa utosini, wivu unanipanda tena mpaka masikioni. Naye nimemwona akitazama Yusra anavyoniletea kiatu nimfungie. Tunatazamana, halafu mmoja wetu anasema chai ipo. Sitakudanganya kwamba umeisha. Ila sasa kila mmoja anaujua wa mwenzake, na anayelipa si mtoto tena.

Ninachokuomba ni ruhusa. Nilikuahidi kurudi mara tu Salma akijifungua. Idrisa anataka nibaki mpaka kichanga aanze kukaa, na mimi nataka. Ukisema rudi, narudi. Mguu wako na macho yako vinanikaa rohoni, na najua nakuomba ruhusa ya kuwa mbali nawe ili niwe bibi, nawe uliwahi kuwa bibi ili mimi niwe mbali. Nijibu kwa mkono wa mwalimu huyohuyo akirudi, hata mstari mmoja.

Nisalimie shemeji, mume wa Zaituni, mwambie redio aliyoniagiza nimeiulizia. Msalimie jirani wa kushoto, na mwambie vidonge vya kichwa vinauzwa dukani. Binti wa shangazi aliyeolewa juzi nampa hongera. Idrisa anakuamkia, Salma anakuamkia. Bi Shufaa kasema nikuandikie salamu zake, na kwamba angependa kukuona, na nadhani ni kweli.

Na Zaituni, mdogo wangu. Idrisa kanionyesha picha aliyotuma: wewe umekaa kwenye mkeka, miguu yako iko mapajani mwake, anaikanda kwa mawese. Nimeitazama mara nyingi. Msalimie sana. Mwambie nasema ahsante. Halafu mwambie, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba dada yake anamwonea wivu.

Mwanao,

Hidaya